Tapeti Zinazolia Asubuhi: Kabla ya Kufungua Injini, Sikiliza Mlio Unakata Lini

Injini kuukuu ikianza kulia asubuhi, waganga hawakosekani. Kila anayepita karibu na boneti iliyo wazi ana jina la ugonjwa na jina la dawa, na wote wanazungumza kwa uhakika uleule. Wa kwanza kuisikia injini yangu alisema tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, zimekwisha. Wa pili akasema hizo si tapeti, ni beringi, na hapo dawa ni kuovahoo tu, yaani kuifungua injini yote na kuijenga upya. Wa tatu hakujali ni nini, yeye alitaka niweke oili nzito "ikae kimya." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mlio unaanza lini na unakata lini, na kumbe jibu lote lilikuwa humo.

Gari lenyewe ni la zamani, la enzi ya injini zisizo na mambo mengi: silinda 4 kwa mstari, valvu 8, kamshafti moja (shafti inayofungua valvu) iliyokaa juu ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na kuzungushwa na mkanda wa taimingi. Tapeti zake ni zile za haidroliki, zinazojirekebisha zenyewe kwa oili, kwa hiyo hakuna cha kuseti kwa spana. Lilinifikia likiwa limetembea sana mikononi mwa mtu wa safari fupifupi, zile za kuwasha, kwenda mwendo mdogo na kuzima kabla injini haijapata moto sawasawa. Safari za namna hiyo ndizo zinazochafua oili haraka kuliko safari ndefu za barabara kuu, kwa sababu unyevu na mafuta yanayopenya kwenye oili hayapati joto la kuyatoa.

Mwanzoni mlio ulikuwa mdogo tu: ta-ta-ta ya sekunde mbili tatu, kisha kimya. Baridi ilipoingia ukaanza kurefuka. Ikafika mahali nawasha gari, nafunga mlango, naondoka, na bado linalia. Likishapata moto, kimya kabisa, unaweza kusema ni gari jingine. Nalo hilo lilinisumbua, kwa sababu kila nilipolipeleka kwa fundi lilikuwa tayari limeshatulia, ikabidi niigize mlio kwa mdomo.

Nilianza na ushauri uliokuwa rahisi kuliko yote, oili nzito. Kitabu cha gari kilisema 10W-40. Mimi nikaweka 20W-50, na siku hiyohiyo nikamimina na chupa ya dawa ya tapeti. Asubuhi iliyofuata mlio ulikuwa mrefu zaidi. Wala si ajabu. Namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi, na inayofuata inaonyesha uzito wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, yaani injini ikishapata moto. Shida yangu ilikuwa ya asubuhi, oili ikiwa imelala chini kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na tapeti zikiisubiri juu. Kuifanya iwe nzito ni kuichelewesha safari. Oili nzito humsaidia mwenye injini inayolia ikiwa ya moto, na hata huyo mara nyingi inamfichia tu tatizo. Kuhusu ile chupa ya dawa, hadi leo sina la kusema, kwa sababu niliiweka pamoja na kitu kingine. Ukibadilisha mambo mawili siku moja, hujui lipi limesaidia na lipi limeharibu.

Kabla sijaendelea, nieleze tapeti hizi zinafanyaje kazi, maana nilipoelewa hilo ndipo niliposita kutoa hela hovyo.

Tapeti ya haidroliki ni kikopo cha chuma kinachokaa kati ya kemu (nundu ya kamshafti) na mguu wa valvu. Ndani yake mna pistoni ndogo, springi, na kigololi kinachoziba tundu. Oili inaingia kwa presha, inajaza chumba kilicho chini ya ile pistoni, kigololi kinaziba, oili inakwama humo. Kwa kuwa oili haibonyei, kikopo kizima kinasimama imara na nafasi kati yake na kemu inakwisha. Oili hiyo ikipungua, au ikichanganyika na hewa, kikopo kinanywea. Kemu ikija inakuta pengo, inalivuka, inagonga. Hiyo ndiyo ta-ta-ta.

Injini ikizimwa, daima kuna valvu zinazobaki wazi. Springi ya valvu iliyobaki wazi ni ngumu, na inaikandamiza tapeti yake usiku kucha. Oili inavuja polepole kupitia mwanya mwembamba ulio kati ya ile pistoni ndogo na ukuta wake. Mwanya huo si ubovu, umetengenezwa hivyo. Kwa hiyo injini yenye tapeti za haidroliki kulia sekunde chache baada ya kulala ni jambo la kawaida kabisa, na mtu asikutishe. Swali ni kwa nini oili inachelewa kurudi. Je, njia zake zilikauka usiku? Zimeziba? Pampu haisukumi? Au ni tapeti moja iliyochoka? Kila jibu lina gharama yake, na tofauti ya gharama hizo ni kubwa mno.

Aliyenifungua macho alikuwa fundi mtu mzima niliyeelekezwa kwake baada ya kuzunguka. Nilifika mchana, gari likiwa la moto, nikaanza kumweleza. Akaweka mkono juu ya boneti.

"Limelala?"

"Hapana, mzee. Nimetoka nalo sasa hivi."

"Basi hujaniletea mlio, umeniletea gari. Liache lilale hapa, uje asubuhi. Na mtu asiliwashe kabla hujafika."

Nilivunjika moyo kidogo, maana nilitaka jibu siku hiyohiyo. Lakini ndiye peke yake aliyeniambia jambo la maana mpaka hapo. Mlio wa injini baridi unapimwa injini ikiwa baridi. Fundi anayekupa hukumu ya mlio ambao hajausikia anakisia, hata awe hodari namna gani. Kama huwezi kuacha gari lilale kwake, angalau rekodi kwa simu: weka simu mahali palepale kila siku, anza kurekodi kabla hujawasha, na usikanyage mafuta. Rekodi hizo ukizilinganisha utaona kama mlio unarefuka au unapungua, kitu ambacho kumbukumbu haiwezi kukuambia kwa haki.

Asubuhi alinipa kazi ya kuwasha huku yeye ameinama kwenye injini na bisibisi ndefu, ncha ikiwa kwenye chuma na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Kifaa hicho kinatosha kabisa, ila ukitumie kwa adabu: mikono ya shati ikunjwe, na bisibisi ikae mbali na mikanda na feni. Anza juu ya kava ya tapeti, ukisogea silinda kwa silinda, kisha shuka ubavuni mwa bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, kisha nenda mbele kwenye kava ya taimingi. Mlio wenye nguvu zaidi ndio ulio karibu na chanzo chake, ingawa chuma hupenda kudanganya kwa kuusafirisha.

Nilipowasha, ta-ta-ta ikaanza kama kawaida. Baada ya sekunde kadhaa alininyooshea kidole. "Umesikia? Mmoja umekata." Sikuwa nimesikia kitu. Aliponieleza ndipo nikagundua: milio ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa juu, mwembamba, mkavu, nao ulinyamaza mapema. Wa pili ulikuwa chini kidogo, upande wa eksozi, na ndio uliokuwa ukinifuata hadi barabarani.

Akaniita. "Weka kiganja hapa karibu, usiguse chuma." Manifoldi ya eksozi, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda, ilikuwa bado haijapata moto. Kwenye kona ya mwisho, ilipofungwa na silinda hedi, nilihisi pumzi ndogo zikinipiga kiganjani moja moja, fu, fu, fu, zikienda sambamba na mlio. Akamulika kwa tochi. Palikuwa na alama nyeusi ya masizi iliyotambaa kutoka kwenye gasketi, na stadi moja (boliti isiyo na kichwa) ilikuwa imekatika, nati yake haipo. Dakika chache baadaye manifoldi ikapata moto, chuma kikatanuka, pengo likajifunga, pumzi zikakoma. Na mlio ukakoma.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa, kwa hiyo nieleze vizuri. Kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Injini ikiwa silensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kila kemu inapita mara 400, yaani chini kidogo ya mara 7 kwa sekunde. Sikio linaweza kuufuata mlio huo. Sasa silinda moja hutoa moshi mara moja kila mizunguko miwili ya krankshafti, kwa hiyo manifoldi inayovuja kwenye silinda moja inapiga kwa mwendo uleule wa tapeti. Hata anayejua kuhesabu mapigo atasema tapeti. Kinachozitenganisha ni mambo mengine. Kuvuja kwa eksozi kunaongezeka injini ikibebeshwa mzigo, kwa mfano ukiondoka au ukipanda mlima gari likiwa bado baridi, lakini tapeti inaongeza kasi tu bila kuongeza ukali wa maana. Eksozi inaacha masizi na wakati mwingine harufu. Na muda wake ni wa dakika, mpaka chuma kitanuke, ilhali tapeti nzima zinahitaji sekunde tu za kujazwa.

Iko na milio mingine ya asubuhi inayojifanya tapeti. Pistoni iliyolegea kwenye silinda yake hupiga mlio mzito, uliofifia, ubavuni mwa bloku, na hunyamaza aluminiamu ya pistoni ikishatanuka. Injini inaweza kuishi nao miaka. Cheni ya taimingi hukwaruza upande wa mbele mara tu ukiwasha, kwa sababu tenshena (vikaza cheni) nyingi nazo zinasubiri presha ya oili, na huo usiuchekee. Injekta hutoa mlio mdogo wa haraka usiobadilika, baridi au moto, na hauna shida yoyote. Plagi isiyokazwa vizuri nayo hupiga pumzi kama eksozi.

Wa kuogopwa ni mlio wa konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankshafti: ile go-go-go nzito ya chini inayofuata mzunguko wa krankshafti, inayozidi ukikanyaga mafuta na inayoonekana zaidi injini ikiwa ya moto. Ukichomoa plagi ya umeme ya injekta ya silinda yenye shida, mlio huo hupungua au hubadilika kwa sababu mlipuko umeondoka. Tapeti haijali kama kuna mlipuko au hakuna. Mlio wa namna hiyo ukiusikia, zima injini palepale.

Manifoldi ilitupa kazi kuliko nilivyodhani. Stadi ilikuwa imekatikia ndani ya silinda hedi ya aluminiamu, ikabidi itobolewe katikati kwa uangalifu na kutolewa vipande. Keekee ikiteleza kidogo inakula aluminiamu laini na kuiacha chuma ngumu palepale. Kazi hiyo ilikula sehemu kubwa ya siku, na kama nikipanga gharama zangu zote kwa ukubwa, hii ilikuwa ya pili kutoka juu. Gasketi yenyewe haikuwa chochote. Ukiona stadi moja imekatika, badilisha zote ukiwa hapo, na ukague kama uso wa manifoldi haujapinda kwa kuulaza kwenye kitu kilichonyooka, la sivyo mpya itakatika vilevile.

Baada ya hapo mlio mrefu ulikwisha. Ukabaki ule mfupi, ambao sasa niliweza kuusikia peke yake. Ulikuwa bado mrefu kuliko inavyostahili.

Mzee hakugusa kava ya tapeti. Alisema tupime presha ya oili kwanza, na nadhani hicho ndicho kipimo kinachostahili kufanywa kabla mtu hajakubali neno ovahoo. Unafungua swichi ya presha ya oili, unafunga geji ya mkono mahali pake, unapima injini ikiwa baridi, kisha inapokuwa ya moto kabisa, silensa na kwenye resi. Usiitegemee taa nyekundu ya dashibodi. Taa hiyo huwaka presha ikishashuka sana, kwenye magari mengi kiasi cha baa 0.3 hadi 0.5, kwa hiyo injini inaweza kuwa na presha mbovu na taa ikazimika kwa amani. Mafundi wengi hutumia kanuni ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, na inafaa kama hujui lolote, ila namba za kitabu cha injini yako ndizo za kufuata. Yangu ilikuwa ndani ya namba za kitabu, baridi na moto. Maana yake pampu ilikuwa nzima na beringi hazikuwa zimekwisha. Aliyetaka kuniovahooa injini angelipwa kwa kazi ambayo haikuhitajika.

Tukaenda kwenye filta. Filta nyingi za oili zina ndani yake kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Filta iliyofungwa mdomo ukiangalia juu inaweza kuishi bila hicho kiwambo, lakini iliyolala ubavu, kama yangu, au iliyofungwa mdomo ukiangalia chini, inakitegemea moja kwa moja. Kikivuja, filta na njia za juu zinajimwaga usiku, na asubuhi pampu inaanza kwa kujaza filta kabla oili haijafika kwenye tapeti.

Tuliikata filta iliyotoka. Mpira ulikuwa mgumu, kingo zimejikunja, ukiubonyeza kwa kucha haurudi. Tulinyoosha pia karatasi ya filta mkunjo kwa mkunjo tukitafuta vumbi la chuma linalong'aa. Hatukukuta, na hiyo nayo ilikuwa habari njema. Hakikisha unafanya hivyo, kwani filta iliyotumika ni ripoti ya bure ambayo watu wanaitupa kwenye pipa.

Filta mpya yenye kiwambo cha silikoni, ambacho hustahimili joto kuliko mpira wa kawaida, pamoja na oili ya 10W-40 kama kitabu kilivyosema, ikawa gharama ndogo kuliko zote na badiliko kubwa kuliko yote. Mlio ukapungua asubuhi iliyofuata. Tulipima kiwango cha oili pia kwa dipstiki, na sikupima kwa kuogopa upungufu pekee. Oili ikizidi mstari wa juu, krankshafti inaweza kuichapa hadi itoe povu, na povu ni hewa, na hewa ndani ya tapeti inabonyea. Kuna watu wanaongeza oili ili kunyamazisha tapeti wakijitengenezea mlio mpya.

Tulipofungua kava ya tapeti tulikuta uji mweusi kwenye kona, hasa karibu na mashimo ya kurudishia oili. Zile safari fupi za mtangulizi wangu zilikuwa zimeacha hesabu yake hapo. Nilitaka kumwaga dawa ya kusafisha injini mara moja yote itoke. Mzee alikataa, na sababu yake ilikuwa nzuri: uchafu unaobanduka kwa mabonge unashuka kwenye sampu na kukaa kwenye chujio la pampu. Pampu ikikosa oili, hapo ndipo beringi zinapokufa kweli. Wanaotumia dizeli kuosha injini wanaongeza hatari nyingine, kwa sababu dizeli haina uwezo wa kulainisha wa oili na huwezi kuitoa yote. Njia tuliyofuata ilikuwa ya polepole: tulikwangua tulichokifikia kwa mkono bila kuangusha kitu kwenye mashimo, kisha nikawa nabadilisha oili na filta kwa nusu ya kilomita za kawaida, tena na tena, nikihakikisha kila wiki gari linapata angalau safari moja ndefu ya kuichemsha injini sawasawa. Kila oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kidogo kuliko inavyopaswa, na kila badiliko mlio ukawa mfupi.

Yalipita majira mazima hivi. Mwishowe ikabaki tapeti moja, silinda ya 3, daima hiyohiyo.

Hili la "daima hiyohiyo" lina maana yake. Mlio ukihamahama, leo silinda ya kwanza kesho ya nne, unategemea injini ilisimama valvu ipi ikiwa wazi, na tatizo huwa ni oili inayojimwaga au inayochelewa kwa wote. Ukikaa mahali pamoja kila siku, sasa unaweza kuituhumu tapeti yenyewe, au kemu iliyo juu yake.

Kuithibitisha ni rahisi. Injini ikiwa imetoka kufanya kazi na imezimwa, fungua kava, zungusha krankshafti kwa spana mpaka ncha ya kemu iangalie mbali na tapeti unayoipima, kisha ibonyeze kwa kijiti cha mbao au plastiki, kamwe si chuma. Tapeti nzima inakaa ngumu. Hiyo ya silinda ya 3 ilizama kwa kidole kimoja na kupanda polepole. Saba zingine hazikusogea.

Kwenye injini ya aina hii tapeti iko chini ya kamshafti, kwa hiyo kubadilisha moja kunataka mkanda wa taimingi utoke na kamshafti itoke, sawasawa na kubadilisha zote nane. Hii ndiyo iliyokuwa gharama ya juu kabisa. Nilinunua zote nane, mkanda mpya na sili ya mbele ya kamshafti, kwa sababu nilikuwa na nia ya kukaa na gari. Kama ungelikuwa unaliuza mwakani, moja ingetosha, na asikulazimishe mtu. Ila tapeti iliyotumika na unayoirudisha lazima irudi mahali pake palepale, chini ya kemu yake, maana zimeshazoeana kwa kusuguana. Zipange kwenye trei yenye namba, na usizichanganye hata kwa dakika moja. Kagua kemu zenyewe kabla ya kununua chochote: ukiona ncha imelika au ina vishimo, tapeti mpya juu yake itaharibika mapema.

Baada ya kufunga kamshafti, tulikaa kama nusu saa bila kuzungusha kitu. Tapeti mpya, au iliyojaa oili wakati springi haijaikandamiza, inaweza kuwa imenyooka kupita kiasi na kuiacha valvu wazi. Ukipiga stati hapohapo, kwenye baadhi ya injini valvu inakutana na pistoni. Ukizipa muda, springi zinazirudisha. Kisha tukazungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, taratibu, tukisikiliza kama kuna kinachogusa, na tukakagua tena alama za taimingi. Ndipo tukawasha. Zikalia zote nane kwa pamoja, kelele ya kutisha, nami nikageuka kumwangalia mzee. Hakushtuka. Aliniambia nishike resi karibu na mizunguko 2,500 na nitulie. Baada ya dakika moja hivi zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Kama gari lako lina tapeti za kuseti kwa skrubu au shimu (visahani vyembamba), sehemu kubwa ya habari hii haikuhusu, na furahi, kazi yako ni nyepesi. Unahitaji fila geji (vibamba vya kupimia pengo), kitabu cha injini na subira. Fuata nafasi zilizoandikwa, za valvu za kuingiza na za eksozi ambazo mara nyingi hazilingani, na uangalie kama kitabu kinataka injini baridi au moto. Kwenye injini nyingi za silinda 4 valvu 8 zilizopangwa kwa mstari, mafundi hutumia jumla ya 9: valvu ya 8 ikiwa wazi kabisa unaseti ya 1, ya 6 ikiwa wazi unaseti ya 3, na kadhalika. Jambo moja tu usifanye: kuibana tapeti ili inyamaze. Tapeti isiyo na nafasi inaiacha valvu haijakaa kwenye kiti chake, haipati pa kupoozea joto lake, inaungua. Ni afadhali ilie kidogo. Vilevile kumbuka kwamba valvu na kiti chake vikilika, nafasi hupungua yenyewe na injini inazidi kuwa kimya, kwa hiyo ukimya wake si cheti cha afya.

Gari sasa likilala usiku mmoja linalia sekunde moja, pengine lisilie. Likisimama wiki mbili linalia zaidi kidogo, na sijisumbui nalo. Filta nabonyeza kiwambo chake kwa kidole kabla sijainunua, na oili inabaki ileile ya kwenye kitabu, hata mtu aje na hadithi gani. Kilichobaki ni gasketi ya kava ya tapeti. Tumeifungua mara nyingi mno, sasa inatoa jasho upande wa eksozi, na oili ikidondokea manifoldi yenye moto harufu inaingia ndani ya gari. Mpya ninayo tayari, nitaifunga injini ikiwa imepoa.